Chumvi Kiasi, Kiasi Gani?

Katika vitabu vya mapishi vya Kiitalia kuna herufi mbili ambazo msomaji huzikuta karibu kila ukurasa: q.b. Ni kifupisho cha maneno quanto basta, yaani kadiri inavyotosha. Unga gramu 400, mayai 4, chumvi q.b. Mfamasia anayesoma makala haya huenda akatabasamu, kwa kuwa naye ana herufi zake za Kilatini, q.s., zenye maana hiyo hiyo, zinazomwelekeza aongeze kiyeyusho hadi dawa ifikie ujazo unaotakiwa. Tofauti yao ni kwamba mfamasia ana chombo chenye mistari ya vipimo, ilhali mpishi ana ulimi na kiganja. Nasi Waswahili hatuko mbali na Waitalia katika jambo hili. Mapishi yetu yakiandikwa huishia na maneno yale yale: chumvi kiasi, mafuta kiasi.

Kiasi gani? Hilo ndilo swali linalobaki kinywani mwa mgonjwa wa shinikizo la juu la damu anapotoka katika chumba cha daktari akiwa ameambiwa apunguze chumvi, na mwa mgonjwa wa kisukari aliyeambiwa apunguze wanga. Wengi hawaliulizi, ama kwa heshima, ama kwa sababu foleni nje ni ndefu. Hoja yangu ni kwamba swali hilo halijibiki kwa maneno, wala kwa kipeperushi, hata kiwe na picha nzuri namna gani. Hujibiwa jikoni, kwa mkono wa yule anayepika, akiwa amesimama kando ya mtu anayejua. Imani hii iliniingia zaidi nilipohudhuria darasa la mapishi nyumbani kwa mama mmoja wa Bologna; na kwa kuwa darasa lile lilinionyesha pia mambo tusiyopaswa kuyaiga, naomba nilieleze kwa kirefu kidogo.

Bologna ni mji mkuu wa mkoa wa Emilia-Romagna, kaskazini mwa Italia. Nilikuwa huko kwa mafunzo ya muda mfupi. Ni jambo la kawaida Italia siku hizi mwenye nyumba kufungua jiko lake kwa wageni, wakapika pamoja naye, kisha wakaketi kula walichokipika. Bologna ndiko ulikoanzia mwaka 2004 mtandao wa wapishi wa nyumbani uitwao Cesarine, ambao leo umeenea nchi nzima. Darasa langu mimi halikuwa la mtandao wowote. Jirani wa nilikopanga alinipeleka kwa rafiki yake, mwalimu mstaafu, ambaye sote tulimwita signora kama desturi ya huko inavyotaka kwa mama mtu mzima. Tulikuwa wanafunzi sita kuizunguka meza moja. Sharti la kwanza lilikuwa kunawa mikono na kuvua pete.

Kanuni ya unga wa tambi za mayai inajulikana na kila mtu katika mji ule: gramu 100 za unga laini wa ngano kwa kila yai. Ni kanuni fupi ya kutosha kuandikwa kiganjani. Signora aliitamka mara moja na hakuirudia tena. Tulimwaga unga juu ya kibao kipana cha mbao, tukachimba shimo katikati, tukapasua mayai humo na kuyavuruga kwa uma huku tukivuta unga kidogo kidogo kutoka kingoni. Hapo kanuni ilikoma na darasa likaanza. Mayai hayalingani ukubwa. Unga wa mfuko mmoja hunywa maji kuliko wa mfuko mwingine. Siku ya mvua si sawa na siku ya jua. Donge la kijana aliyekuwa kushoto kwangu, mhandisi kutoka Ureno, lilipasuka kama udongo wa kiangazi; la dada aliyekuwa mbele yangu liling'ang'ania vidoleni na kugoma kutoka. Signora hakuwapa maelezo. Aliushika mkono wa yule kijana, akauweka juu ya donge lake yeye mwenyewe, akamwuliza kama anahisi, kisha akaurudisha juu ya donge la kijana na kumwuliza tena. Kijana alilowesha ncha za vidole, akaendelea kukanda, na baada ya dakika chache akanyanyua uso kama mtu aliyekumbuka jina lililompotea.

Donge lilifunikwa kwa bakuli na kupumzishwa nusu saa, ili protini za ngano zilizovutwa katika kukandwa zipate kulegea na unga usukumike bila kujikunja. Halafu ulisukumwa kwa kifimbo kirefu kuliko mkono, ukawa shuka nyembamba ya rangi ya njano wanayoiita sfoglia. Watu wa Bologna husema kwamba ukiiinua sfoglia njema dirishani, unaweza kuliona kanisa la San Luca lililo juu ya kilima nje ya mji. Kipimo cha wembamba, basi, ni jicho. (Hata hivyo wanapenda pia rula: mwaka 1972 upana wa tagliatella iliyopikwa, milimita 8, uliandikishwa rasmi katika Chama cha Wafanyabiashara cha mji huo. Sikumwona signora akiitafuta rula.)

Jambo lililonigusa zaidi kama mtabibu lilikuja wakati wa kuchemsha. Waitalia wana desturi ya kuchemsha gramu 100 za tambi katika lita 1 ya maji yenye gramu 10 za chumvi. Tulikuwa na maji ya lita 6. Signora alichota chumvi ya mawe kwa konzi na kuitumbukiza sufuriani, na mimi nikapiga hesabu moyoni: gramu 60. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani takriban kijiko kimoja cha chai kisichofurika. Mle sufuriani mlikuwa na chumvi ya watu 12 ya siku nzima. Lakini maji yale karibu yote humwagwa. Tambi hunywa kiasi cha maji kinachokaribia uzito wake zenyewe, kwa hiyo chumvi inayoingia katika sahani moja ya gramu 100 ni gramu 1 hivi. Si kidogo, ila si ile iliyonitisha. Baada ya hapo signora hakutia chumvi kwenye mchuzi. Alituonjesha, mmoja mmoja, kwa kijiko safi, akakwangua jibini la Parmigiano juu yake, akatuonjesha tena. Jibini, alisema, lina chumvi yake, na atiaye chumvi kabla ya jibini anatia mara mbili.

Hiyo ndiyo elimu ya lishe ninayoizungumzia. Mwanamke yule hakujua gramu za sodiamu, lakini alijua chumvi inaingilia mlango upi na kutokea upi. Tuulinganishe ujuzi huo na ushauri tunaoutoa kliniki. Tunamwambia mgonjwa asiongeze chumvi mezani. Anatii. Chupa ya chumvi inaondolewa mezani, na mchuzi unaendelea kupikwa kwa vile vidonge vya kuongeza ladha, kwa nyanya ya kopo, kwa ng'onda aliyekaushwa kwa chumvi na kutiwa chunguni bila kulowekwa, halafu juu yake ikatiwa ile "chumvi kiasi" ya siku zote. Mgonjwa anarudi baada ya mwezi, shinikizo liko palepale, nasi tunaandika katika faili kwamba hafuati masharti. Maandishi hayo, kwa maoni yangu, mara nyingi ni dhuluma. Alifuata. Sisi hatukuwahi kuchungulia chungu chake.

Sasa niseme tusichopaswa kukiiga, kwani kuna hatari ya msomaji kudhani kwamba ninamsihi mgonjwa wa Temeke au Ujiji ale tambi na jibini. Chakula tulichopika siku ile kilikuwa cha sikukuu. Mgeni aliyelipa hapikishwi maharage. Emilia ni nchi ya siagi, mayai na nyama ya nguruwe. Mchuzi wake mashuhuri, ragù, huiva polepole kwa saa mbili na zaidi kwa nyama iliyosagwa. Sifa ya kiafya inayohusishwa na vyakula vya Italia ilitoka mahali pengine kabisa. Mwanafiziolojia wa Marekani Ancel Keys alivutiwa mwanzoni mwa miaka ya 1950 na chakula cha watu wa kawaida wa Napoli, na kuanzia mwaka 1958 akaongoza utafiti wa nchi saba kuhusu vyakula na magonjwa ya moyo. Baadaye alijenga nyumba Pioppi, kijiji cha pwani ya Cilento, kusini mwa Italia. Chakula alichokisifu kilikuwa cha wakulima na wavuvi wasio na fedha: mkate, maharage, dengu, mboga za majani, matunda, mafuta ya zeituni, samaki kidogo, na nyama kwa nadra. Waitalia wenyewe walikiita jiko la maskini.

Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki hana haja ya kuelezwa sana chakula cha namna hiyo. Maharage, choroko, kunde, mchicha, matembele, kisamvu, dagaa, ndizi, viazi vitamu: jiko la maskini tunalo, na kwa bahati mbaya tunalionea haya. Mgonjwa akisomewa habari za mafuta ya zeituni, ambayo chupa yake ndogo dukani inaweza kumeza bajeti ya mboga ya wiki, anaondoka akiamini kwamba afya ni ya wenye nacho. Nimekwisha kuuona mwongozo wa lishe uliotafsiriwa kwa uaminifu mkubwa kiasi kwamba haukuwa na chakula hata kimoja kinachouzwa katika soko la karibu. Waliouandika walitafsiri vyakula. Laiti wangetafsiri mbinu.

Tena Cilento ina funzo jingine, na hili ni chungu. Mwaka 2010 UNESCO iliuingiza mlo wa Mediterania katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika, na Cilento ikawa jamii iliyouwakilisha upande wa Italia. Cilento imo katika mkoa wa Campania. Mkoa huo huo, kwa takwimu za Italia yenyewe, ni miongoni mwa inayoongoza kwa watoto wenye uzito uliopitiliza. Sababu za hali hiyo ni nyingi, zikiwemo umaskini, bei za vyakula vya viwandani na uhaba wa mahali pa kuchezea. Lakini haiwezekani kutoona kwamba mlo unaweza kuandikwa katika orodha ya dunia nzima na wakati huo huo ukatoweka katika sufuria za waliouzaa. Watoto wa Campania hawakukosa vipeperushi. Na sisi tusidhani kwamba kwa kuwa bibi zetu walijua kupika kisamvu kwa karanga, basi wajukuu zao waliokulia Kinondoni kwa chipsi mayai wanajua.

Katika utafiti wa kitaifa wa Tanzania wa mwaka 2012 kuhusu viashiria vya magonjwa yasiyoambukiza, takriban mtu mmoja kati ya kila wanne wenye umri wa miaka 25 hadi 64 alikutwa na shinikizo la juu la damu, na takriban mmoja kati ya kumi na mmoja alikutwa na kisukari. Dawa tunazo, ingawa hazitoshi. Ushauri wa chakula ndio kila mwongozo wa tiba unaoutaja mwanzo, nao ndio tunaoutoa kwa haraka kuliko kitu kingine chochote, mgonjwa akiwa tayari amesimama na cheti cha dawa mkononi.

Jambo la kutia moyo ni kwamba hatuanzii sifuri. Wauguzi wa kliniki za mama na mtoto wamepika uji wa lishe mbele ya akina mama kwa miaka mingi, na Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji huwa na mapishi ya darasa katika vijiji vingi. Kwa mtoto mwenye utapiamlo tuliona zamani kwamba maneno hayatoshi. Kwa nini baba yake mwenye kisukari apewe maneno matupu? Ila nina neno moja kuhusu mapishi hayo ya darasa, na ndugu zangu wauguzi waniwie radhi. Mara nyingi mhudumu mmoja hupika na watu thelathini hutazama. Hilo ni onyesho, na onyesho halimfundishi mtu kiasi. Yule kijana wa Ureno angeweza kumtazama signora akikanda kutwa nzima. Alichokosa hakikuwa cha kuonwa kwa macho. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta kina takriban kilokalori 120. Tamka takwimu hiyo mbele ya mpishi, haitamwambia kitu. Mpe dumu lake lile lile la mafuta, mwambie amimine kama anavyomimina nyumbani, lakini kwenye kikombe badala ya sufuria, kisha ahesabu mwenyewe vijiko vilivyomo. Sijaona mtu aliyeifanya kazi hiyo akabaki na uso ule ule.

Nani aje darasani? Hapa ndipo kliniki zetu zinapopoteza wakati mwingi. Mgonjwa ni mzee, anakuja peke yake au na kijana wa kumsaidia kupanda daladala. Tunamweleza yeye habari za wanga na chumvi, naye hajashika mwiko tangu azaliwe. Anayepika ni mkewe, au mkwewe, au binti wa kazi mwenye miaka kumi na minane ambaye hakuna aliyewahi kumwambia kwamba baba mwenye nyumba ana shinikizo. Kule Bologna, kati ya wanafunzi sita, watatu walikuwa wanaume, na hakuna aliyeliona hilo kuwa la ajabu. Huku kwetu itachukua muda. Wakati tukiusubiri muda huo, kadi ya kliniki ingefaa kuwa na mstari mmoja zaidi, unaouliza nani anapika nyumbani, na huyo naye apewe tarehe. Nawe msomaji unayehudhuria kliniki, usingoje kadi: mwakani hapo ulipo, mwezi ujao, kuja na mpishi wako ni haki yako, na mhudumu mwema atampisha kiti.

Najua pingamizi zitakazotolewa. Muuguzi mmoja anahudumia wagonjwa wengi mno. Hospitali haina jiko la kufundishia. Mkaa ni ghali. Chakula kinaleta nzi, na idara ya kuzuia maambukizi haitaki nzi. Yote ni kweli. Lakini darasa la Bologna lilihitaji meza, vibao, sufuria mbili na saa tatu, na sehemu kubwa ya saa hizo ilikwenda katika tambi ambazo hatuzihitaji. Mchicha huiva kwa dakika chache. Chuo Kikuu cha Tulane, huko New Orleans, kina jiko la kufundishia wanafunzi wa udaktari na wakazi wa mji tangu mwaka 2012, na ni jiko zuri lenye vyuma vinavyong'aa. Sidhani kama ndilo la kuanzia. La kuanzia ni la nyumbani. Nyumbani ndiko kuliko na sufuria yenyewe, upawa wenyewe, dumu lenyewe na bakuli lile la mzee ambalo hakuna mwingine anayelila. Tunao wahudumu wa afya ngazi ya jamii wanaozifahamu nyumba hizo na wanaokaribishwa jikoni bila kubisha hodi mara mbili. Wawili watatu kati yao, wakifundishwa vizuri na afisa lishe, wanaweza kuwakusanya wapishi wanne au watano wa mtaa mmoja katika ua wa mmoja wao, jioni ya siku moja kwa mwezi, gharama ya chakula ikachangwa na wanaokila.

Kuhusu mafunzo ya madaktari wenyewe nitasema kwa ufupi. Pellegrino Artusi alipochapisha kitabu chake maarufu cha mapishi mwaka 1891, kwa fedha zake mwenyewe, alitanguliza kurasa za kanuni za afya, naye hakuwa tabibu. Mapishi yake yalijaribiwa jikoni na mpishi wake Marietta Sabatini kabla ya kufika kwa msomaji. Mwanafunzi wetu wa udaktari anaweza kumaliza miaka mitano akiijua kemia ya glukosi hatua kwa hatua bila kuwahi kupima donge la ugali kwenye mizani. Lipimwe mara moja tu. Ashike donge la gramu 200 katika kiganja chake, kisha ashike lile alilozoea kula.

Kwa mwezi wa kwanza ningependekeza yafuatayo, kwa kliniki yoyote itakayokuwa tayari kujaribu. Wagonjwa watano wa shinikizo la damu, pamoja na wapishi wao, katika ua wa mmoja wao. Kila mpishi aje na kijiko chake cha chumvi na dumu lake la mafuta kutoka nyumbani, si vya kuazima. Chakula kiwe ugali, maharage na matembele. Mhudumu asipike. Kila mpishi apike chungu chake kama kawaida, kipimwe kabla ya kutiwa kila kitu kinachotiwa, na kuonja kuwe mara mbili, kabla ya kidonge cha ladha na baada yake. Juma linalofuata wapike tena maharage hayo hayo kwa nusu ya chumvi, wakitia ndimu, kitunguu swaumu na pilipili manga, na anayeulizwa kama yameiva vizuri awe mzee mwenyewe.